Jumatatu Arobaini na Moja

Buger,
27 Februari 1982

Kaka yangu Bonaventura,

Hujambo, na wifi Bertha na watoto? Sisi tu wazima, ukiacha mafua yanayopita nyumba hadi nyumba kama mtoza michango. Mvua bado, ila mawingu yamejazana upande wa msitu wa Marang. Mpwa wako Benedicta sasa ni mrefu kunishinda na anajua hivyo, maana siku hizi ananitazama kwa juu. Sukari hakuna, mafuta ya taa hakuna, sabuni ndiyo usiseme. Ukiiona huko Malambo, hata kipande, kumbuka kwamba una dada.

Sasa kaa chini. Usishtuke, jambo lenyewe limekwisha kupoa, nami nimengoja lipoe ndipo nikuandikie. Shemeji yako Hhando amelala mahabusu siku sita.

Mwanzo wa mwezi huu mfugaji mmoja wa Nainokanoka, jina lake Kaika, aliibiwa ng'ombe jike. Polisi na mgambo wakapita vijiji hadi huku kwetu wakikagua masikio ya ng'ombe. Wetu wote walipita. Wakafika kwa Majivu, yule jike ambaye Hhando anamtunza tangu mwaka sabini na sita. Sikio lake la kushoto limekatwa ncha, na wa Kaika nao, wakasema, hukatwa ncha sikio la kushoto. Wakamuuliza, "Huyu wa nani?" Akajibu, "Wa mtu." "Mtu gani?" "Aliyeniwekesha." "Jina lake?" Kimya. Unamjua Hhando, ni mtu wa maneno kumi kwa siku, na saba kati ya hayo huwaambia maksai wake. Wakaondoka naye.

Afande aliyekuja si mtu wa huku, hakuelewa. Nikajaribu kumweleza: afande, kwetu sisi mwenye ng'ombe watano huwaweka wawili kwa mwenziwe, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote, na ili ndugu wenye macho wasijue anao wangapi. Na anayewekeshwa hamtaji mwenye mali mpaka mwenyewe aseme. Akimtaja, hakuna atakayemwamini tena na ng'ombe. Afande akaniambia, "Mama, huo ndio mchezo wa wezi wote." Kaka, nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Siku ya saba Mzee Apolinari, balozi wetu wa nyumba kumi, akaenda kumdhamini. Hhando akatoka Alhamisi ya wiki iliyopita. Masharti ni haya: asivuke mpaka wa tarafa, ajionyeshe kituoni kila Jumatatu, na Majivu, ambaye sasa jina lake ni "kielelezo", abaki zizini kwetu, kwa kuwa kituoni hakuna majani. Asiuzwe, asichinjwe, asihamishwe. Wanasema ni wiki mbili tatu tu uchunguzi ukamilike. Jumatatu ya kwanza imeshapita.

Nilipomwona anapanda kilima chetu nilikaa chini njiani, nikacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kufurahi kumwona mtu mchafu namna ile. Nimepumua, kaka. Ila wewe ni mwalimu, unasoma magazeti: hebu niambie, dhamana ya namna hii huchukua muda gani?

Ni mimi dada yako,
Bibiana


Malambo,
30 Machi 1982

Mdogo wangu Bibiana,

Barua yako imenifikia juzi kwa mkono wa dereva wa gari la chanjo ya mifugo. Ilikuwa imepakwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, lakini inasomeka. Hapa hatujambo. Bertha anakusalimu sana, mtoto wa pili ameota meno. Upepo umeng'oa bati za darasa la nne, na sasa wanasomea ghala la mahindi ya shule, jambo ambalo limeongeza mahudhurio.

Nimesikitika kwa yaliyompata shemeji, na namshukuru Mungu kwamba yuko nyumbani. Kuhusu swali lako, uchunguzi una taratibu zake, na vyombo vya dola havifanyi kazi kwa pupa. Mwambie shemeji awe mtiifu, ajionyeshe kila wanapomtaka, asibishane na mtu. Subira huvuta heri. Kwa makadirio yangu, kufikia Pasaka yatakuwa yamekwisha.

Uliandika kwamba alipoulizwa jina alinyamaza. Je, alinyamaza mpaka mwisho, hata huko mahabusu? Na Majivu ana hali gani? Ana mimba?

Nimempa dereva mche mmoja wa sabuni akuletee. Usiugawe kwa majirani wote.

Kaka yako,
Bonaventura


Buger,
6 Juni 1982

Kaka Bonaventura,

Sabuni imefika. Tumeikata vipande vinne, na kimoja nimekificha mahali ambapo hata barua hii haitasema. Mwambie wifi Bertha namwombea heri kila nikinawa. Masika yamekuwa mazuri kwa wengine. Mahindi ya jirani yamefika kifuani, yetu yamefika gotini, na sababu nitakueleza.

Pasaka imepita, kaka. Pentekoste nayo imepita. Uliandika "kufikia Pasaka", hukusema ya mwaka gani.

Kutoka hapa hadi kituoni ni mwendo wa kutwa kwa miguu. Hhando huondoka Jumapili baada ya misa, hulala kwa mtu, Jumatatu hujionyesha, Jumanne hurudi. Kujionyesha kwenyewe ni muda wa kupiga chafya. Afande hufungua daftari, humtazama usoni kama anahakikisha pua bado ipo, kisha humwambia, "Uchunguzi unaendelea. Rudi Jumatatu." Siku tatu kila wiki, msimu wa kulima! Na yeye ndiye aliyekuwa akilimia watu kwa plau yake kijiji kizima. Mwaka huu wametafuta mwingine. Shamba letu tumelilima mimi na Benedicta kwa jembe la mkono, kwa sababu wale maksai wanamsikia yeye peke yake. Mimi wananitazama tu.

Mwezi uliopita nilichoka, nikaenda naye. Nilianzia mahakama ya mwanzo, nikamuuliza karani, "Kesi ya mume wangu Hhando itatajwa lini?" Akafungua madaftari mawili, akayapekua vizuri, kijana mwenye adabu. Akasema, "Mama, huyu hana kesi." Kaka, nilipiga kigelegele pale pale mlangoni! Akanizuia kwa mkono. "Hana kesi, mama, maana hajashitakiwa. Na asiyeshitakiwa hatuwezi kumwachia huru. Tumwachie kutoka wapi?"

Nikaenda kituoni. Nikamuuliza afande wa zamu dhamana hii mwisho wake lini. Akanijibu taratibu, wala hakuwa mkali: "Mama, dhamana ni hisani, si adhabu. Wenzake wako ndani." Nikamwambia aliyefungwa miezi mitatu angekuwa ameshatoka, amekula, amesahau. Akacheka, akasema kweli. Kisha akanieleza: mwenye ng'ombe lazima aje amtambue Majivu, na gari halina petroli ya kupanda Nainokanoka. Yule afande aliyeandika maelezo amehamishwa. Jalada liko Mbulu, wilayani. Basi kila kitu kiko mahali fulani, isipokuwa Hhando, ambaye hana mahali.

Zamani kwetu nyumba iliyopata msiba ilijitenga, hakuna kuingia wala kutoka, hakuna kuazima moto. Bibi alitusimulia. Lakini ilijulikana ni miezi mingapi, na siku ya kutoka walinyolewa wakarudi kwa watu. Sisi tumetengwa bila kuambiwa siku ya kunyolewa. Kuku wa mtu akipotea, macho huja uani kwetu. Hakuna anayesema neno, ila macho yanakuja.

Na Hhando bado hasemi ng'ombe ni wa nani. Nimembembeleza, nimenuna, nimemnyima chumvi. Anajibu, "Mwenyewe atasema." Nimefikia kuwaza labda ana mwanamke mahali na ng'ombe ni wa huko. Wewe ni mwanamume mwenzake, muulize. Kila Jumatatu nachora mstari wa mkaa ukutani jikoni. Imefika kumi na tano.

Jambo jingine dogo. Barua yako niliisoma kwa sauti, watu wote tukiwa mezani. Ulipouliza habari za Majivu, Hhando alitoka nje.

Dada yako,
Bibiana


Malambo,
19 Agosti 1982

Mdogo wangu Bibiana,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mkaguzi wa elimu, halafu kulikuwa na surua. Watoto wetu wamepona. Kiangazi huku ni kikali, wafugaji wamehamisha mifugo, na darasani nimebaki na watoto kumi na tisa.

Habari za Hhando zimenihuzunisha. Sidhani kuwa ana mwanamke. Mtu akinyamaza si lazima awe na hatia. Nakushauri usimsumbue sana kwa maswali. Haki huchelewa lakini haipotei.

Nawasalimu wote.

Bonaventura


Buger,
12 Septemba 1982

Kaka,

Benedicta hajambo, Hhando hajambo, Mzee Apolinari anakohoa. Salamu zimekwisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara imekuwa fupi zaidi. Wewe uliyeniandikia kurasa nne juu ya faida za choo cha shimo! Sasa mistari minane, na humo unaniambia nisiulize.

Haya, sikia yaliyotokea. Wazee wa upande wa Marseli, yule kijana fundi seremala wa Mbulumbulu aliyemposa Benedicta, walikuwa walete pombe ya asali baada ya mavuno. Hawakuja. Wamemtuma mtu mwenye maneno laini. Akasema, "Binti hatumkatai. Tunangoja jambo la baba yake liishe." Nikamuuliza, "Na lisipoisha?" Akasema, "Mama, kila jambo huisha." Nikamwambia nimechora mistari ishirini na tisa ukutani, aje anionyeshe mahali palipoandikwa mwisho. Akanywa chai yake akaondoka. Benedicta hakulia mbele yangu. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na alikaa huko muda wa kujaza ndoo sita.

Majivu amezaa, ndama jike, mwezi uliopita. Hhando alimuuliza afande kama ndama naye ni kielelezo. Afande akavua kofia, akafikiri, akasema atauliza Mbulu. Na maziwa je? Sheria haijasema, basi nakamua.

Sasa nakuja kwenye lililonikalia kooni. Jumanne iliyopita Hhando alirudi na miguu imevimba. Nilipokuwa namkanda kwa maji ya chumvi nilimwambia, "Nitamwandikia kaka tena, huenda ana wazo." Akacheka. Mwaka huu wote hajacheka, akacheka siku hiyo, na hakikuwa kicheko kizuri. Akasema, "Kaka yako amesoma barua zako zote. Mwache." Nikamuuliza kwa nini amesema hivyo. Akainuka na miguu yake ile, akaenda kumtilia Majivu majani.

Mimi sikusoma kama wewe, nimeishia la nne. Lakini kuunganisha mambo mawili najua.

Kaka, ng'ombe ni wa nani?

Bibiana


Malambo,
17 Oktoba 1982

Bibiana mdogo wangu,

Safari hii sitaanza na habari za watoto, ingawa ni wazima.

Majivu nilimpeleka mimi. Hhando hakusema kwa sababu nilimwapisha asimwambie mtu yeyote, na wewe hasa. Ameshika neno lake miezi minane, na mimi nimekaa hapa nikimwandikia mke wake methali. Nimekuwa nikiona haya kila gari la chanjo linapoonekana. Barua yako ya Juni nilikuwa nayo mfukoni wiki sita kabla ya kujibu.

Unakumbuka Baba alipougua mwaka ule wa sabini na sita. Wewe uliacha nyumba yako ukaja kumwogesha, mwezi na nusu, wakati sisi wanaume tulikuwa tunapokezana kusimama mlangoni. Siku moja ulipokwenda kuchota maji aliniita. Akasema, "Yule mtamba wa rangi ya majivu ni wa Bibiana. Ameniosha kama mama yangu alivyoniosha. Mpe." Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza.

Desturi unaijua. Binti hapewi ng'ombe wa baba yake, na Baba mdogo Qamara ndiye aliyekuwa anagawa urithi. Nilijua angenijibu kwamba maneno ya mgonjwa ni homa. Kwa hiyo siku Baba mdogo alipokwenda mnadani, nikamtoa mtamba zizini. Alama yetu, ule mpasuo wa kwenye ncha ya sikio, nikaikata pamoja na ncha yenyewe kwa kisu cha jikoni, asitambuliwe. Nikamfikisha kwa Hhando, nikamwambia ni wangu, amtunze, asimtaje mwenyewe; wewe hukuwa unafika zizini kwa Baba, hukumjua. Nikarudi nikasema mtamba ameliwa na fisi. Baba mdogo alikwenda hadi bondeni kutafuta mifupa, maskini.

Mpaka hapo nilikuwa kaka mwema, Bibiana. Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya jambo zuri. Nilikusudia kukwambia baada ya matanga. Kisha nikasema baada ya mavuno. Kisha nikataka kumwoa Bertha na nilikuwa na upungufu wa mtamba mmoja. Majivu alikuwa amezaa, nikamchukua mwanawe wa kwanza nikamtoa mahari. Tangu siku hiyo sikuwa na uso wa kukwambia. Nilimsahau kwa makusudi, mpaka nikaanza kuamini kwamba kweli ni wangu.

Polisi walipomkamata Hhando, kusema kweli ilikuwa inatakiwa sentensi moja tu kutoka kwangu. Niliogopa. Ningeonekana mwongo mbele ya ukoo, mwizi wa dada yangu, na mimi ndiye katibu wa kanisa hapa na nafundisha watoto wa watu kusema kweli. Nilijidanganya kwamba dhamana si kitu, kwamba yupo nyumbani, anakula ugali wake. Sikuwahi kufikiria Jumatatu moja ina uzito gani, mpaka ulipoandika habari za ndoo sita za Benedicta. Benedicta ndiye niliyembeba siku ya ubatizo.

Shule ikifungwa nitapanda Nainokanoka kwa miguu kumtafuta huyo Kaika. Petroli ya serikali haipo, miguu yangu ipo. Hapana, nimesoma sentensi hiyo tena na naona naanza tena kuahirisha. Sitangoja shule ifungwe. Nitaomba ruhusa mwezi ujao, mitihani ya ndani ikiisha.

Usinijibu. Sistahili.

Bonaventura


Nainokanoka,
21 Novemba 1982

Dada,

Nakuita dada leo ingawa wewe ni mdogo wangu. Barua hii anaileta Kaika mwenyewe.

Nimetembea siku mbili kutoka Malambo, na baridi ya huku juu imenikuta na shati la mwalimu. Mke wa Kaika, Mama Naisula, amenifunika blanketi na kunipa maziwa ya moto kabla hata ya kuniuliza jina. Kaika ni mzee mrefu, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nimemweleza yote, kuanzia kitanda cha Baba hadi miguu ya Hhando iliyovimba. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: "Huyo ng'ombe ana rangi gani?"

Nikamwambia, ya majivu.

Bibiana, alipiga goti lake kwa kiganja. "Wangu alikuwa mwekundu," akasema. "Mwekundu, mwenye tumbo jeupe. Nilimwambia yule aliyeandika. Aliandika sikio tu."

Hakuna aliyekuja kumuuliza tena. Na yeye alidhani polisi wanaendelea kumtafuta ng'ombe wake mwekundu, akawa anangoja. Alipojua kuna mtu ametembea kila wiki mwaka mzima kwa ajili ya ng'ombe wake, alikasirika kuliko mimi. Amesema ataondoka na gari la duka Jumamosi, awe kituoni Jumatatu kabla Hhando hajafika.

Nimemwandikia mkuu wa kituo barua, nimeeleza kwamba mimi ndiye niliyemweka ng'ombe pale, na kwa nini. Nimetia sahihi jina langu lote na cheo changu. Baba mdogo Qamara nimemwandikia yake. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Ningekuja na Kaika. Nasema ni kwa sababu ya watoto kumi na tisa walioko darasani peke yao. Wewe utajua kama ni hivyo.

Bonaventura


Buger,
7 Desemba 1982

Kaka Bonaventura,

Hujambo? Watoto hawajambo? Na mke wangu Bertha, hajambo? Nimeuliza vizuri. Kama mahari yake ilitoka kwa ng'ombe wangu, basi wifi Bertha nimemwoa mimi, wewe unamtunza tu. Mwambie nitakuja kumwangalia kama unamlisha.

Nimeanza kwa kucheka kwa sababu siku nane hizi nacheka hovyo, hata kanisani. Yamekwisha, kaka! Nitaandika tena nilione: yamekwisha.

Nilikwenda na Hhando Jumatatu hiyo, sijui kwa nini, moyo ulinituma. Barua yako ya Oktoba nilikuwa nimeipata, na nilikuwa na hasira ambayo ilitosha kupika maharage. Tulipofika kituoni tulimkuta mzee mrefu amekaa kwenye benchi na fimbo yake, mashuka mekundu, ametulia kama pale ni kwake. Afande akafungua daftari kama kawaida, kabla hajasema "uchunguzi unaendelea" yule mzee akasimama. "Ni huyu?" Akamwendea Hhando akamshika mkono wake kwa mikono miwili. "Mimi ndiye Kaika. Pole, rafiki yangu. Mimi sikukushitaki."

Mkuu wa kituo akaitwa. Jalada lilikuwa limerudi kutoka Mbulu tangu Septemba, lilikuwa chini ya majalada mengine. Akasoma maelezo, akasoma barua yako, akamuuliza Kaika rangi, akamuuliza Hhando rangi. Mwekundu. Majivu. Akafunga jalada. Ni mtu mgeni pale, ana miezi miwili tu, na aliona haya kwa ajili ya wengine. Akasema, "Bwana Hhando, dhamana yako imefutwa. Usirudi Jumatatu." Hhando akauliza, "Ijayo?" Mkuu akasema, "Zote."

Na ndama? Mkuu akasema hakuwahi kusikia habari za ndama yeyote.

Kaika hakukubali kurudi kwake. Alisema amesafiri kote huko, lazima amwone ng'ombe aliyemsimamisha mtu mwaka mzima. Akaja nasi mpaka hapa Buger, akala, akaenda zizini. Akalishika sikio la Majivu, akaligeuza, akalitazama kwa karibu. Kisha akacheka mpaka akashika mti wa lango. Amesema nikuandikie hivi: aliyekata sikio hili hajawahi kukata sikio, na hata nyanya asipewe akate. Hhando naye akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chake kile cha zamani. Wote wawili wakaenda kulala marafiki. Kaika ameahidi kumwekesha Hhando ng'ombe wawili mvua zikianza. Anasema mtu asiyetaja jina miezi tisa ndiye wa kuwekeshwa.

Mistari ya mkaa ilifika arobaini na moja. Benedicta amekandika jikoni upya kwa udongo na samadi, maana wazee wa Marseli walifika Alhamisi na asali yao kama vile hawakuwahi kuchelewa. Nilitaka kuwasema. Nikaona afadhali niwakaange kuku. Harusi ni tarehe kumi na tano Januari.

Sasa mimi na wewe. Nilipanga maneno makali, niliyapanga njia nzima. Ulimwacha mume wangu atembee mpaka kucha zikang'oka. Hilo sijalisahau na sitakudanganya kwamba nimelisahau. Lakini kila nikishika kalamu niyaandike, lile neno la Baba linanijia. Kaka, sikujua kwamba aliona. Nilidhani alikuwa hana fahamu tena. Nilikuwa namwosha huku nikinung'unika kwamba maji ni baridi na nyie mmesimama mlangoni, nami nilidhani hasikii. Miaka sita nimekuwa nikijilaumu kwa ule mnung'uniko. Kumbe alikuwa ananipa ng'ombe. Hilo ungeweza kunipa siku ile ile, bila kisu, bila fisi, na Baba mdogo angechukua ng'ombe mwenyewe nisingejali.

Baba mdogo Qamara alikuja juzi na barua yako mkononi. Nilijua anakuja kudai. Akasimama zizini, akamtazama Majivu na ndama. Akasema, "Nilitafuta mifupa yake siku mbili." Kisha akasema, "Anafanana na mama yake." Akaomba maziwa, akanywa, akaenda zake. Basi.

Kwa hiyo uje. Sikuombi. Binti haozwi bila mjomba wake, na blanketi lako la mjomba limeshanunuliwa, zito, la buluu. Usipokuja nitamfunika Majivu. Njoo unitazame usoni, nikuseme nusu saa, kisha tule. Na uniambie tena, kwa mdomo wako, Baba alisema nini.

Juzi Jumapili tulipotoka misa, Hhando alishika njia ya kituoni. Mfuko begani, fimbo mkononi. Sikumwita. Alikwenda hadi kwenye kona ya njia, akasimama pale, akatazama miguu yake. Akarudi taratibu, akaniuliza, "Kesho ni siku gani?"

Nikamwambia, "Jumatatu."

Akasema, "Nitalima."

Jana asubuhi aliwafunga maksai, wakamsikia mara moja, wasaliti wale. Alilima mpaka saa sita. Nikampelekea chai shambani, chai nzito ya maziwa. Akanywa amesimama, akaniambia ni tamu. Nikamwambia lazima iwe tamu, ni maziwa ya ng'ombe wangu.

Dada yako,
Bibiana